Mtoto wa mwaka wa pili na aseme Kijerumani

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD),
Nairobi.

KUH: MATARAJIO NA KANUNI ZA DARASA LA KIJERUMANI, MWAKA WA PILI

Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu wa Kijerumani ambaye mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu ashike chaki, hana darasa la mwaka wa pili. Sababu unaijua kunishinda. Kidato cha Pili cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kilimaliza mwaka 2025, na sasa wamo Kidato cha Tatu. Wadogo zao wa mfumo mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Gredi ya 11 wataiona 2027. Hapo katikati pamebaki mwaka mmoja mtupu. Nimeona niutumie kukuandikia, maana kanuni za darasa hutungwa vizuri kabla wanafunzi hawajaketi. Wakishaketi, kila kanuni mpya huonekana adhabu.

Sikuandikii kulalamikia mtaala. Mada zimo, sarufi imo. Ninachoomba ni waraka mfupi, wa kurasa mbili tatu, utakaomweleza mwalimu, mwanafunzi na mzazi jambo moja kwa lugha isiyopinda: mwaka wa pili ni mwaka wa kusema, na alama, kazi za nyumbani na nidhamu ya darasa zote zifuate hapo. Bila waraka huo kila mwalimu hujitungia zake. Mwanafunzi akihama shule Mei, anakuta kule alikotoka imla ilikuwa kila Ijumaa, na huku alikofika hakuna imla ila kuna kukariri mazungumzo, na mahali pengine hakuna anayefungua kinywa mpaka wiki ya mtihani.

Nianze na matarajio, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wanapotukaba koo. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji na ajira jijini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, Kijerumani kimegeuka kuwa somo la pasipoti. Ilivuma habari kwamba Wakenya 250,000 wangepata kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote, lakini kanusho halikukimbia kama uvumi. Siku ya wazazi bado naulizwa, "Mwalimu, huyu akimaliza mwaka huu ataweza kwenda?" Najibu, "Mama, bado." Mama hunitazama kana kwamba nimeficha tiketi ya ndege mfukoni.

Na jibu ni bado kweli. Muuguzi anayetaka vyeti vyake vitambuliwe Ujerumani kwa kawaida huhitaji kiwango cha B2 katika ngazi ya Ulaya ya kupima lugha. Anayekwenda kujifunza kazi kwa mafunzo yao ya ufundi, Ausbildung, kwa kawaida hutakiwa kuwa na B1. Mtoto wangu wa mwaka wa pili yuko wapi katika ngazi hiyo? Goethe-Institut hukadiria kwamba A2 hufikiwa baada ya vipindi 200 hadi 350 vya dakika 45, na B1 baada ya 350 hadi 650. Kipindi chetu ni dakika 40. Tuseme nina vipindi vitano kwa wiki, na wiki 30 za kufundisha kwelikweli nikishaondoa mitihani, michezo, tamasha za muziki na zile siku mbili za mwanzo wa muhula ambazo hata Mungu anajua hazifundishiki. Hivyo ni vipindi 150, yaani dakika 6,000, sawa na vipindi 133 vya Goethe. Kwa miaka miwili, 266. Basi A2 inafikika, tena bila kumuua mtu. B1 haifikiki, na mwalimu anayemwahidi mzazi B1 mwisho wa mwaka wa pili anamuuzia mbuzi kwenye gunia. Waraka na uandike hivyo hivyo: tarajio ni A2.

Sasa tazama A2 yenyewe hupimwaje. Mtihani wa Goethe wa kiwango hicho una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema, na kila moja ina uzito wa pointi 25 kati ya 100. Kuandika ni ujumbe wa simu wa maneno 20 hadi 30 na barua pepe ya maneno 30 hadi 40. Si insha ya kurasa mbili! Kusema hufanywa na watahiniwa wawili pamoja, kwa takriban dakika 15, na mwishoni hupewa jambo wapange wenyewe, kwa mfano siku ya kwenda kununua zawadi, kila mmoja akiwa na ratiba yake asiyomwonyesha mwenzake.

Zoezi hilo la ratiba nimelifanya darasani mara nyingi, na napenda nikuonyeshe lilivyo. Wasichana wawili wameketi wakitazamana, karatasi zimefichwa nyuma ya madaftari. Mmoja anauliza, "Hast du am Samstag Zeit?" Mwenzake anachungulia karatasi, anauma kalamu, halafu anasema, "Samstag ich muss Kleider waschen." Jumamosi ni siku ya kufua bwenini, ndiyo sentensi iliyomjia kwanza. Mjerumani angesema "Am Samstag muss ich Kleider waschen": kihusishi hakipo, na kitenzi kimekaa mahali pa tatu badala ya pili. Kwa kalamu nyekundu, sentensi hiyo imeanguka. Lakini yule wa kwanza ameelewa papo hapo, akajibu, "Okay, und Sonntag?" Wakakubaliana Jumapili saa tisa alasiri. Kazi imefanyika, kwa Kijerumani, na hakuna aliyewanong'oneza.

Msichana huyo apewe alama ngapi? Nimewauliza walimu wenzangu, na majibu yalitofautiana hata tukabishana mpaka chai ikapoa. Ninavyoona mimi, anayekamilisha mapatano apewe zaidi ya nusu ya alama za kusema kwa hilo peke yake, na usahihi ugombee zilizobaki. Kwenye maandishi tuwe wakali zaidi. Hata huko ukali uwe na mpangilio, kwa sababu makosa ya mwaka wa pili hayalingani.

Kitenzi mahali pa pili katika sentensi kuu, hilo tusimsamehe mtu. Vivyo hivyo kitenzi kwenda mwisho baada ya "weil" na "dass", ingawa nitakiri kwamba Wajerumani wenyewe wakizungumza huvunja kanuni ya "weil" kila siku, na mwanafunzi mwerevu aliyetazama filamu zao atakuja kukushtaki. Mwambie kwenye karatasi bado ni kosa. Perfekt, njeo ya kusimulia yaliyopita, nayo ni uti wa mgongo wa mwaka huu: aliyekwenda hutumia "sein", aliyefanya hutumia "haben", na mtoto asiyeweza kusema "Ich bin nach Kisumu gefahren" hawezi kusimulia likizo yake. Nomino bila "der", "die" au "das" isihesabiwe kuwa imejulikana. Katika jaribio la msamiati, anayeandika "Tisch" peke yake apate nusu. Lakini viishio vya vivumishi, vile "einen neuen", "einem neuen", "ein neues", tuvifundishe, tuvisahihishe kwa penseli, tusivikatie alama. Vitaiva baadaye. Nimeona watoto wazuri wakiacha somo kwa sababu ya hizo "en" na "em", na sijaona hata mmoja aliyeshindwa kueleweka kwa sababu yake.

Jambo la tatu, baada ya matarajio na alama, ninaliomba kwa msisitizo: waraka umruhusu mwalimu kufafanua sarufi kwa Kiswahili. Kuna shule ambazo hadi leo mwanafunzi akitamka Kiswahili siku isiyokuwa yake hupewa kibao cha kuvaa, na ukali huo umehamia hata kwenye vipindi vya Kijerumani. Tunaambiwa tufafanue kwa Kijerumani, na kikishindikana, kwa Kiingereza. Kwa nini Kiingereza? Muulize mtoto aliyefundishwa jinsia za nomino kupitia Kiingereza, atakwambia "der" ni ya kiume, "die" ni ya kike. Kisha anakutana na "das Mädchen", msichana, ambaye si wa kiume wala wa kike, na anaona Wajerumani wamerukwa na akili.

Mtoto huyo huyo amekua akisema "kiti kile kikubwa kimevunjika" bila kuhesabu vile viki vinne. Anajua kwamba nomino huingia kwenye ngeli, na ngeli huvuta kila kinachoifuata. Anajua pia kwamba "kijana" huanza kwa ki- lakini tunasema "kijana mrefu amefika", na hilo halijawahi kumkosesha usingizi. Ukimwambia kwamba Kijerumani kina makundi matatu ya nomino, ambayo usiyatafutie jinsia kama vile hutafuti sababu ya "mti" kuingia U-I, ananyanyua kichwa. Dakika tano zinatosha. Kwa Kiingereza hunichukua kipindi kizima, na baadhi hubaki wananikodolea macho. Hapo sidai kwamba Kiswahili kinamaliza kila kitu. Kwenye tofauti ya "an die Wand" na "an der Wand", picha inayotundikwa na picha iliyokwisha kutundikwa, -ni yetu ya ukutani haiitofautishi, na mwalimu lazima achukue picha na msumari aonyeshe kwa mikono. Lakini mlango ukiwa wazi, kwa nini tuzunguke dirishani? Mazungumzo na maagizo ya darasani yabaki Kijerumani. Ufafanuzi mgumu na uwe kwa lugha ambayo sarufi yake inafanana na kazi iliyopo.

Kazi za likizo ni balaa nyingine. Mwanafunzi akiwa bwenini hana simu, akifika nyumbani anayo, pamoja na programu za kutafsiri na akili unde ya bure. Nilimpa kila mmoja aandike sentensi kumi kuhusu likizo. Nikapokea karatasi zenye "verbrachte" na "wäre gewesen" kutoka kwa watu ambao wiki moja kabla ya kufunga shule walikuwa hawajamaliza kunyambua "haben". Kumshika mhusika ni rahisi: mwombe aisome karatasi yake kwa sauti, kisha mwulize swali moja juu yake. Ila sitaki kuwa polisi. Kanuni iwe hivi: uandishi wa kupewa alama ufanywe darasani, kwa mkono. Nyumbani wapewe kusikiliza na kusoma, na simu iwatumikie kwa hilo. Programu ya kutafsiri isipigwe marufuku kwa neno mojamoja, kwani kamusi ya karatasi haimo katika nyumba nyingi. Sentensi nzima iliyotafsiriwa na mashine isipewe alama. Basi.

Kuhusu mahudhurio, kanuni za kawaida zinatosha, isipokuwa mahali pamoja. Darasa la lugha halisomeki kwa kunakili daftari la jirani. Aliyekosa wiki mbili za mazungumzo amekosa kitu ambacho hakijaandikwa popote. Na watoto wanaokosa wiki mbili kwetu, mara nyingi hawajatoroka. Wamerudishwa nyumbani kutafuta karo. Katika shule moja niliyofundisha, jaribio la kusema liliwekwa wiki ambayo theluthi ya darasa ilikuwa nje ya lango, na waliokosa wakaandikiwa sifuri. Waraka uamuru kwamba jaribio la kusema lirudiwe ndani ya siku 14 baada ya mwanafunzi kurejea, bila kuombwa barua ya mzazi wala risiti. Tathmini za shuleni sasa zina uzito katika matokeo ya mwisho. Mmeona wenyewe kwamba katika KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 9, zile za Gredi ya 7 na 8 zilibeba asilimia 20. Sifuri ya karo isiingie humo ikijifanya sifuri ya Kijerumani.

Shule zilizo kwenye mtandao wa PASCH, ambao Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008, hupata vitabu, mafunzo ya walimu na mitihani ya Goethe karibu nazo. Wengi wetu tuko nje ya mtandao huo, tuna kitabu kimoja kwa wanafunzi watatu na spika tunayokopa kwa idara ya muziki. Kwa hiyo waraka wowote mtakaoutoa, muutunge mkiwa na shule hizi kichwani. Zoezi la ratiba nililokueleza linahitaji karatasi mbili na watu wawili.

Ikiwezekana, rasimu itufikie kabla ya muhula wa tatu kufungwa, tuisome na kuipinga pale tunapopaswa kuipinga. Niko tayari kuja hapo barabara ya Desai kwa nauli yangu, pamoja na yeyote kati ya wale wenzangu tuliobishana nao kuhusu alama za yule msichana. Bado hatujakubaliana.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kijerumani, shule ya umma