Jumatatu Baada ya Mkesha



Kila mwaka tunaona jambo lile lile katika parokia zetu. Usiku wa mkesha kanisa hujaa. Vijana hulia, huinua mikono, huahidi mbele ya altare kwamba wataacha pombe, uongo na uvivu. Asubuhi yake kila mmoja hurudi kwao, sauti imekauka na moyo umejaa. Kisha Jumatatu hufika, na Jumanne. Kabla juma halijaisha ahadi imekwisha, na aliyeitoa anangoja mkesha mwingine ili aitoe upya.

Tunasema wazi: hilo ni kosa, na sisi tunaowafundisha tumeshiriki katika kosa hilo. Sikukuu tumezitayarisha kwa miezi mizima. Jumatatu hatukuitayarisha hata kwa saa moja. Tumewazoesha kuamini kwamba mtu hubadilishwa na tukio moja kubwa: mafungo, semina, mhubiri mgeni, tarehe mosi Januari. Hatuupingi mkesha. Tunapinga fikira kwamba mkesha unatosha.

Sisi tuliopita katika mafunzo ya ualimu twajua kwamba mtoto hajui kuandika kwa sababu tu mwalimu alimweleza herufi vizuri. Anajua kwa sababu ameiandika herufi hiyo siku baada ya siku, mstari kwa mstari, hata mkono ukaizoea. Tabia njema nayo hupatikana kwa njia hiyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba fadhila ni mazoea ya kutenda mema, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1803, inaieleza kwa maana hiyo hiyo. Mtu hawi mkweli siku anapoapa kusema kweli. Huwa mkweli kwa kuisema mara nyingi katika mambo madogo, hata uongo ukawa mgeni kinywani mwake. Uovu pia hujengwa vivyo hivyo. Bandu bandu huisha gogo.

Tumtazame Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Alipoahidiwa fedha ili apitishe vyakula vilivyoharibika, alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma. Sisi sote twamsifu kwa kukataa kwake. Lakini kabla ya siku ile alikuwa mwanajumuiya wa Sant’Egidio, akisali pamoja na wenzake na kuwatumikia watoto wa mitaani. Hatuamini kwamba “hapana” yake ilizaliwa mbele ya fedha zile. Ilikuwa imekwisha kupata mizizi katika siku nyingi ambazo hakuna aliyeziandika.

Sasa tujitazame. Kijana anayenunua pointi shuleni, kisha Jumapili akaimba katika kwaya, anafanya mazoezi. Anayenakili jibu la jirani yake kila mtihani anafanya mazoezi. Siku atakapoketi kwenye meza ya ofisi na bahasha ikasogezwa mbele yake, mkono wake utajua la kufanya kabla moyo haujaulizwa.

Wapo watakaotujibu: “Nchi hii haina utaratibu. Umeme hukatika, wazazi hawana mshahara, usiku risasi hulia. Mtu apange nini?” Malalamiko haya ni ya kweli, wala hatuyadharau. Anayewaambia maskini kwamba umaskini wao ni uvivu tu anasema uongo, na mazoea mema hayachukui nafasi ya haki. Lakini watazameni mama zetu sokoni. Katika nchi hii hii, wengi wao hutenga franka za likelemba kabla ya kununua kitu kingine. Kwa franka hizo wengi wenu mlilipiwa ada ya shule. Mama hao hawakungoja nchi itulie.

Wengine husema kwamba jambo linalorudiwa kila siku hupoteza moyo na kuwa unafiki. Mbona mtoto hufundishwa kumwamkia mkubwa kabla hajajua heshima ni nini? Je, mtoto huyo ni mnafiki? Salamu ile ndiyo inayomfundisha heshima.

Basi, chagueni jambo moja, wala si kumi. Liwe dogo kiasi cha kuwezekana hata siku ya uchovu: mistari michache ya Injili, kurasa mbili za kitabu, kurudia somo kwa dakika kumi kabla ya kushika simu, au kuihoji dhamiri kabla ya kulala. Lifungeni kwenye kazi mnayoifanya tayari kila siku, kama kuteka maji au kufagia kiwanja, kwa maana azimio lisilo na saa wala mahali halina makao. Mwambieni mwenzenu mmoja, naye awe na ruhusa ya kuwauliza. Na mkikosa siku moja, msingoje mafungo wala mwaka mpya; endeleeni kesho yake. Aliyekosa siku moja amepoteza siku moja tu. Anayengoja mkesha ujao hupoteza miezi.

Katika mkutano wenu ujao, msiulizane mlihisi nini usiku ule. Kila mmoja na aulizwe: “Jumatatu ulifanya nini, saa ngapi, mahali gani?” Nasi makatekista tuulizwe wa kwanza, kwa sababu deni hili ni letu pia.