Aliyeanguka Mtihani Ameangukia Wapi? Lugha, Hofu na Mtahiniwa wa Kidato cha Nne

Kiswahili cha shuleni nchini Kenya kina vitenzi viwili vikuu vya mtihani: kupita na kuanguka. Anayepita huendelea na safari yake mithili ya mtu aliyevuka kivuko. Anayeanguka hubaki chini, na wapita njia humtazama. Kitenzi cha tatu hakijapatikana. Mtahiniwa aliyeelewa mengi, akakosea machache, akapata alama ya wastani, hana pa kuwekwa katika sitiari hii. Sitiari inayotumiwa kila siku hukoma kuonekana kuwa sitiari, na hii ya kuanguka imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza aliyeanguka ameangukia wapi. Makala haya yanashikilia kuwa sehemu kubwa ya hofu inayowaandama wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za upili hupaliliwa na lugha wanayozungumziwa, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana zana za kuitibu ambazo walimu wenzake hawana.

Takwimu zitazamwe kwanza. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa zaidi ya 962,000 walifanya mtihani. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kizingiti cha kujiunga na shahada ya kwanza chuoni, walikuwa 246,391, yaani takriban robo. Ikiwa C+ ndiyo mpaka wa kupita, kama inavyosemwa majumbani na hata katika vyumba vya walimu, basi vijana watatu katika kila wanne waliambiwa kwamba wameanguka. Mfumo ambao humwangusha mtu wa pili, wa tatu na wa nne ili wa kwanza apite hauwezi kushangaa kwamba wote wanne wanatetemeka. Tena kipimo chenyewe hakikukaa mahali pamoja. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A. Mwaka 2016, udhibiti wa wizi wa mitihani ulipokazwa, waliopata A walikuwa 141. Aliyekuwa Kidato cha Tatu wakati huo aliona bao likihamishwa huku mchezo ukiendelea.

Msomaji aliyepitia shule ya bweni hahitaji kuelezwa siku ya mtahiniwa ilivyo. Kengele hulia saa 10 alfajiri, prepu huanza kabla ya jogoo kumaliza kazi yake, na taa za bweni huzimwa saa 4 usiku ukipita. Hesabu yake ni nyepesi: saa 6 za usingizi, ilhali wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa umri huo. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyatia ghalani yaliyosomwa mchana. Kwa hiyo saa zinazoibwa alfajiri hulipwa mchana, mwanafunzi anaposoma ukurasa mara tatu bila kuushika. Juu ya haya kuna mtihani wa kufungulia muhula, wa katikati ya muhula, wa kufungia muhula na ule wa mwigo, na baada ya kila mmoja orodha hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa ubora katika mitihani ya kitaifa. Ukuta wa darasa haukupata habari hizo. Mwanafunzi wa mwisho katika darasa la watu 50 hupita mbele ya jina lake kila anapokwenda kunywa uji.

Matokeo ya shinikizo hili si siri. Mwaka 2016, katika muhula wa pili ambao ndio muhula wa mitihani ya mwigo, zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto, na hofu ya mitihani ilikuwa miongoni mwa sababu zilizojadiliwa hadharani. Hakuna anayetetea kuchoma bweni. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba kwa kila mwanafunzi anayewasha kiberiti kuna wengi wasiowasha chochote: wanaoumwa na tumbo kila Jumapili jioni, wanaoacha kula, wanaokaa kimya hadi kimya chenyewe kinakuwa ugonjwa. Hao hawaundiwi tume.

Wapo watakaosema kwamba shinikizo ndilo lililowafikisha wasomi wa leo chuoni, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoja hii isidharauliwe. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa panya, na saikolojia ya elimu imeyarejelea tangu hapo: msukumo kidogo husaidia kujifunza, lakini kazi inapokuwa ngumu, msukumo ukizidi kiasi huharibu kile kile ulichokusudiwa kukijenga. Kuinama ni jambo moja, kukandamizwa sakafuni ni jingine. Na maadamu methali zimetajwa, kuta za madarasa zichunguzwe tena. Huko hukutwa mchumia juani hulia kivulini, hukutwa mtaka cha mvunguni, hukutwa ajizi ni nyumba ya njaa. Ni nadra kukutwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahenga walisema yote mawili. Shule ndiyo iliyochagua nusu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, wala si kama mapambo. Mtahiniwa akiulizwa ana nini, hujibu kwa neno moja la Sheng au la Kiingereza linalomaanisha kila kitu, na anayemsikiliza humjibu kwa kauli moja ya jumla: jikaze. Ilhali lugha anayofundishwa kwa miaka 12 imejaa maneno ya kupambanua hali hizo. Wasiwasi, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono unaotia shaka moyoni, ni ile sauti inayorudia usiku kucha kwamba hujasoma vya kutosha. Tumbojoto ni la yule anayengoja karatasi igeuzwe, na aghalabu huisha swali la kwanza linapojibiwa. Kiherehere, ambalo leo limebakia tusi la mtu anayejitia mbele, lina maana ya moyo uendao mbio. Dukuduku ni jambo lililofungiwa kifuani likakosa wa kuambiwa. Kiwewe ni cha mtahiniwa aliyeyajua majibu jana na leo hayaoni, ingawa hayajamtoka kichwani. Msongo wa mawazo ni mzigo uliorundikana kwa majuma. Sonona ni maradhi.

Upambanuzi huu una faida ya papo hapo, kwa sababu kila hali ina dawa yake. Mwenye tumbojoto ahakikishiwe kwamba mwili wake unafanya kazi yake ya kawaida. Mwenye kiwewe anahitaji kuweka kalamu chini, kuvuta pumzi polepole mara kadhaa, kisha kuanza na swali analolijua hata kama ni la 9. Mwenye wasiwasi wa usiku hafai kuongezewa saa za kusoma usiku. Anafaa kuandaliwa ratiba inayoonyesha alichokwisha kusoma, si kile tu ambacho hajakigusa. Mwenye dukuduku anahitaji sikio. (Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule nyingi ana vipindi kamili vya kufundisha na pengine ndiye pia anayeshughulikia nidhamu, mwanafunzi atamfungulia vipi moyo mtu aliyemwandikia barua ya kumrudisha nyumbani?) Ama mwenye sonona, aliyepoteza hamu ya chakula, ya marafiki na ya kesho, huyo apelekwe hospitalini kama anavyopelekwa mwenye malaria, na mzazi aelezwe hivyo bila kuzungukazunguka. Kumwambia huyu ajikaze ni kumfunga jeraha kwa karatasi ya mtihani.

Somo lenyewe la Kiswahili, kwa bahati mbaya, limekuwa likimnyima mwanafunzi fursa hii. Insha ichukuliwe kuwa mfano. Karatasi ya kwanza ya KCSE humtaka mtahiniwa atunge, lakini maandalizi yake humtaka akariri. Hufundishwa macheo yenye jua la kumezwa na mawingu, moyo wa kudunda kama ngoma, machozi ya kutiririka njia mbili mbili, na hutuzwa kwa kuyapanga. Kijana ambaye moyo wake unadunda kwelikweli hana namna ya kusema hivyo, kwani mdundo huo umeshakuwa tamathali ya kuvunia alama. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi wenye hofu ya mtihani waliopewa dakika 10 za kuandika hofu zao kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Watafiti waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakuipata faida hiyo, kwa hivyo isiuzwe kama hirizi ya alama. Dakika 10 za kuandika lililo moyoni zina thamani hata alama zisipopanda, mradi daftari hilo lisisahihishwe kwa wino mwekundu.

Fasihi nayo imepatwa na mkasa uo huo. Waliotahiniwa katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei walimjua Ridhaa, aliyepoteza familia yake motoni wakati wa ghasia. Walijua sifa zake, umuhimu wake na maudhui anayoyabeba. Katika madarasa mengi halikuulizwa swali jepesi kuliko yote: mtu aliyepatwa na hayo huamkaje kesho yake? Wanafunzi waliosoma riwaya hiyo darasani walikuwa na misiba yao, karo zao zisizolipwa, wazazi wao waliotengana. Walimpitia Ridhaa kama orodha ya hoja tano zenye alama mbili mbili.

Sasa mfumo unabadilika. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na shule za sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, na KCSE inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Katika mtaala mpya hakuna anayeanguka: mwanafunzi huzidisha matarajio, huyafikia, huyakaribia au huwa mbali nayo. Hii ni hatua, na wanaoibeza hawajafikiria uzito wa neno kuanguka. Hata hivyo, matarajio ni ya nani? Mtoto wa miaka 15 anayeandikiwa kwamba yuko mbali na matarajio atayasoma kuwa ya mama yake. Tena anaingia sekondari ya juu akiwa amekwisha kuchagua mkondo, wa sayansi, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo, na uchaguzi unaofanywa mapema huleta fadhaa yake mpya.

Kiswahili kimebaki kuwa somo la lazima katika mfumo mkongwe na katika huu mchanga, isipokuwa kwa wanaosoma Lugha ya Ishara ya Kenya. Ina maana kwamba mwanagenzi anayetoka chuoni kwenda mazoezi ya ualimu atasimama mbele ya karibu kila kijana wa shule hiyo, mara kadhaa kwa juma. Anaweza kuubandua ukutani ule mpangilio wa majina katika darasa lake, au kuomba ruhusa ya kuubandua. Anaweza kutoa insha moja kwa muhula isiyotuzwa alama, yenye mada kama "Usiku kabla ya mtihani" au "Jambo ambalo sijamwambia mzazi wangu", na kuwaambia mapema ni nani atakayeisoma na nini kitafuata iwapo mtu ataandika kwamba amechoka kuishi. Na siku matokeo yanapotangazwa, kijana akimjia na kumwambia, "Mwalimu, nimeanguka," anaweza kumuuliza kwa upole amepata nini hasa, katika somo gani, na anafikiria kufanya nini mwezi ujao.