Tufaha Halikuandikii Programu

Mgeni rasmi mmoja kwenye mahafali hapa Tarime katangaza kwamba kijana asiye na MacBook, laptopu yenye nembo ya tufaha, asijidanganye, hawezi kuandika programu. Wazazi wakapiga makofi. Mimi niliguna, maana najua kinachofuata: baba wa Nyamwaga anakwenda kuhesabu ng'ombe zizini, na wa Mugumu anatafuta mteja wa shamba.

Muuze ili mnunue nini? Programu atakayoiandika huyo kijana, iwe ya duka au ya zahanati, mwishowe itakaa kwenye seva, na seva nyingi duniani zinaendeshwa na Linux. Simu za Android zilizojaa stendi nazo zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kwenye kompyuta ya kawaida tu, na mpaka leo unapakuliwa bure. Bure! Unalipia tufaha ili kazi yako ikaishie Linux?

"Mac haishiki virusi," mwalimu mmoja akanijia juu. Inashika, kama Linux inavyoweza kushika; hapo tufaha halina la ziada. Mwingine akadai mteja akiona tufaha anakuheshimu. Mfanyabiashara wa Sirari, mpakani, anataka shilingi za huku na za Kenya zisichanganyike kwenye vitabu vyake, tufaha atakula. Wa tatu akasema programu za iPhone hazijengwi bila Mac. Haya, twende mnadani Mugumu tukahesabu hizo iPhone, ndipo tubishane.

Mchagua jembe si mkulima. Tafuta laptopu ya ThinkPad iliyotumika, RAM ya GB 8 kwa uchache, 16 ukijaliwa, diski ya SSD na betri isiyozimika umeme ukikatika. Zinapatikana kwa sababu Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi nzima kwa sababu tu prosesa ni ya zamani au hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wenye ofisi wanaziuza kwa bei ya kutupa. Weka Linux, fanya kazi.

Chenji inayobaki itamezwa na bando la intaneti, na huo ndio wizi wa mchana kweupe: kwa bando nyingi, muda ukiisha, megabaiti ulizolipia zinakufa nao. Hapo ndipo vijana wa mkoa wetu wa Mara wanapokwama, katikati ya kupakua somo, siyo kwenye nembo ya laptopu. Mwenye kipaza sauti alisemee hilo, nami nitapiga makofi.