Damu ya Ziwa Katika Mitaa ya Nairobi

Kila Desemba, shule zikiwa zimefungwa, mabasi ya Kisumu, Busia na Kakamega hujaa watoto wa Kibera na Kawangware wanaokwenda ushago. Januari hurudi, na baadhi yao hurudi na malaria. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na mbu wa hapa huambukiza wachache. Wagonjwa wa homa walipochunguzwa Kibera, vimelea vilionekana kufuatana na safari za magharibi mwa Kenya. Mtoto aliyelelewa Gatwekera, Kibera, hukutana na ugonjwa huu akiwa hana kinga ambayo binamu yake wa Siaya ameipata kwa kuumwa mara kwa mara.

Lakini ipo kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo haipotei mtu akihamia mjini. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alipima damu za Wakenya wa sehemu mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, jeni ya selimundu (sickle cell) ilipatikana kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100. Katika nyanda za juu haikufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mbebaji, yaani anayeirithi kwa mzazi mmoja, hulindwa dhidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi baadaye waliona kwamba hatari ya malaria kali kwa mtoto wa namna hiyo hupungua kwa takriban asilimia 90. Huambukizwa, hupata homa, ila ni nadra kufikia degedege au kuishiwa damu. Kilifi hiyohiyo ilitupa pia habari za kinga nyingine ya kuzaliwa nayo, kundi la damu la Dantu: utafiti wa 2020 ulionyesha kuwa utando wa chembe nyekundu za mwenye kundi hilo hukazika, kimelea kikashindwa kupenya.

Jeni ya selimundu ikitoka kwa wazazi wote wawili, mambo hugeuka. Wazazi wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe, na huyo malaria inaweza kumuua upesi, maana damu yake ilikuwa pungufu tangu awali. Baba wa Homa Bay na mama wa Busia waliokutana Kawangware wanaweza kuwa wabebaji wasijue, kwa sababu hawajawahi kuugua. Wengi hujua pale mtoto anapovimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha.

Mfano huu wa selimundu na malaria hufundishwa vyuoni ulimwenguni kote, nao ulitokana na damu ya watu wetu. Ni aibu mtoto wa Kibera azaliwe na kukua bila kipimo kinachohitaji tone moja la damu ya kisigino. Tunataka kila mtoto anayezaliwa katika mitaa hii apimwe, bila kuulizwa kabila, kwani ndoa za Nairobi zimekwisha kuchanganya ziwa na mlima. Atakayepatikana na ugonjwa aanzishiwe penisilini mapema na dawa ya kila siku ya kuzuia malaria. Mbebaji naye alale ndani ya chandarua, maana ulinzi wake si kamili.

Wauguzi, mtoto mwenye homa akiletwa, ulizeni kwanza alikuwa wapi mwezi uliopita. Na wewe mzazi, kabla hujakata tiketi ya Desemba, mpeleke mwanao apimwe selimundu.