Alama Zikishuka, Akili Haijaisha

Wengi huamini kwamba mzee akipimwa akili leo, akapimwa tena mwakani na alama zikashuka, basi akili imemtoka. Imani hiyo ni potofu. Tena ina madhara, kwani huwapa jamaa kisingizio cha kumnyang'anya mzee mikorosho yake angali na akili timamu.

Kipimo cha akili si mzani wa korosho ghalani. Gunia likipimwa mara mbili halijifunzi kitu; mzee hujifunza. Akirudi mara ya pili anajua ataulizwa nini, hofu imepungua, na alama hupanda bila akili kuongezeka. Ndiyo maana hata alama zisizobadilika zaweza kuficha maradhi yaliyokwisha kuanza. Upande wa pili, mzee wa Newala aliyefika hospitali kwa bodaboda, hajala, masikio mazito, akaulizwa harakaharaka kwa Kiswahili ilhali amezoea Kimakonde, atashuka hata kama hana ugonjwa wowote wa ubongo.

Kipimo chenyewe nacho kina makosa. Kile cha daktari Folstein cha mwaka 1975, chenye alama 30, humtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana na kutoa saba saba kuanzia mia. Bibi wa Masasi asiyewahi kushika kalamu hupoteza alama hapo, ingawa hutenganisha korosho za daraja la kwanza na la pili kwa kuzitazama tu. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, waliliona hilo: katika kipimo chao kiitwacho IDEA mzee hupanga njiti za kiberiti badala ya kuchora.

Watetezi wa alama hutaja Uskoti, ambako baadhi ya watoto waliopimwa mwaka 1932 wakiwa na miaka 11 walipimwa tena wakikaribia 80. Uwiano kati ya alama zao za utotoni na za uzeeni ulikuwa 0.63. Ni mkubwa kwa kundi, lakini kwa mtu mmoja mmoja unaacha nafasi pana ya kupanda au kushuka.

Kwa hiyo daktari asimwandikie mzee ugonjwa wa kusahau kwa sababu ya alama mbili tatu zilizopungua. Arudie kipimo, kwa lugha ya mzee, akiwa ameshiba na hana homa. Kisha awaulize wanaoishi naye: bado anahesabu fedha za mnada? Hupotea njia ya shambani? Bila majibu hayo, alama pekee hazitoshi kumhukumu mtu.