Bi harusi, kompyuta ya nyumba yako itakaa chumba gani?



Sisi ni mafundi na wafanyabiashara wa nguo za harusi hapa Kizota, Dodoma. Wengine wetu wamezaliwa huku huku, wengine tumevushwa bahari na ndoa kutoka Unguja. Wengi mnaijua Kizota kwa ule ukumbi wa mikutano mikubwa ya chama. Sisi tunaijua kwa vumbi, kwa upepo wa kipupwe, na kwa mabibi harusi wanaoleta kitambaa leo wakati akdi ni keshokutwa.

Leo hatuzungumzii gauni wala mtandio. Tunazungumzia kitu ambacho siku hizi kinaingia ndani ya nyumba baada ya harusi, na hakuna somo anayemfundisha mwari habari zake. Kitu hicho ni kompyuta. Swali letu ni moja: ndani ya nyumba yako, ni nani atakayekaa mbele yake?

Tumeanza kulifikiri jambo hili baada ya kusikia watu wazima wa Uingereza na Marekani wakizililia kompyuta zao za utotoni. Wanazitaja kama sisi tunavyotaja santuri za bibi zetu. BBC Micro ya mwaka 1981. ZX Spectrum na Commodore 64, zote za mwaka 1982. Zilikuwa vibao vya herufi tu, unachomeka kwenye televisheni ya sebuleni na kazi inaanza. ZX Spectrum ya bei ya chini ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16. Picha moja ya bi harusi mnayotumiana kwenye simu haienei humo hata kidogo.

Sasa wanalilia nini? Wanalilia namna kompyuta zile zilivyompokea mtu. Ukiiwasha haikuletei picha za kuchagua. Inakupa kioo kitupu na alama inayomwetameta, inakungoja wewe useme. Mtoto alinunua gazeti lenye kurasa za amri, akazinakili mstari kwa mstari kwa lugha iitwayo BASIC, iliyotungwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi wasio wataalamu. Akikosea herufi moja, programu inakataa. Anarudi kutafuta kosa, anarekebisha, anajaribu tena. Ikikubali, anaanza kubadilisha: rangi iwe hii, mpira wende kasi zaidi, jina langu litokee pale juu. Hapo amekwisha kuwa fundi.

Kuna jambo moja la BASIC ambalo kila mwenye cherehani atalipenda. Mistari ya amri ilipewa namba, na watu hawakuandika 1, 2, 3. Waliandika 10, 20, 30. Kwa nini? Ili ukikumbuka jambo baadaye, upate nafasi ya kuingiza mstari wa 15 bila kufumua kazi yote. Si ndivyo sisi tunavyoacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mwili ukinenepa gauni lipanuliwe? Na kazi ikimalizika, ilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zile zile ambazo sisi tulihifadhia taarabu na mawaidha.

Mtauliza, mbona sisi hatuna kumbukumbu hizo? Sababu ipo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na kompyuta ya serikali iliyokuwapo tangu miaka ya 1960 ilikuwa imeleta hasara na usumbufu kuliko manufaa. Visiwani tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena tulijivuna nayo, lakini huku Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Kompyuta ya nyumbani ya wakati ule bila televisheni ni kama cherehani bila sindano. Basi ile miaka ambayo watoto wa wenzetu walikuwa wakiandika programu zao sebuleni, ilitupita. Tulipozipata kompyuta, zilikuja kama mashine za ofisi na za stesheneri, zenye programu zilizokwisha andikwa na watu wengine. Baadaye zikaja simu, na simu ndizo zimefunga zaidi. Simu inakupa kila kitu cha kutazama, lakini haikuoneshi mahali pa kuingiza mkono.

Jamaa zetu wa Ghuba wao walikuwa na habari nyingine. Katika miaka ya 1980, Mohammed Al-Sharekh wa Kuwait aliona kompyuta hizo zinazungumza Kiingereza tu, akatoa kompyuta za nyumbani zilizoitwa Sakhr, zinazoandika kwa Kiarabu, hata na BASIC ya Kiarabu. Kampuni yake ikatengeneza na programu za Qur'ani na Hadithi. Muungwana mmoja Mwislamu alikataa kungoja kitu kiletwe kama kilivyo. Tunalitaja hili kwa sababu wapo kwetu wanaodhani kompyuta ni mambo ya watu wengine na sisi ni wa kutumia tu. Si kweli.

Lakini katika hadithi hii tamu ya kompyuta za zamani, kuna ubaya uliojificha ndani yake, na huo ndio uliotufanya tuandike.

Wengi wa wanaozililia ni wanaume. Haikuwa bahati mbaya. Kabla ya kompyuta za nyumbani, wanawake walikuwa wengi katika kazi hii. Mwaka 1843 Ada Lovelace wa Uingereza alikuwa amekwisha eleza jinsi mashine ya hesabu inavyoweza kupewa maagizo, na akaifananisha na kitanda cha mfumi cha Jacquard wa Ufaransa, kilichofuma maua kwa kufuata matundu kwenye kadi. Mwaka 1969 watu walipofika mwezini, kumbukumbu ya kompyuta ya chombo chao ilikuwa imefumwa kwa nyaya, kwa mikono ya wanawake kiwandani Massachusetts. Mwaka 1984 nchini Marekani, kiasi cha asilimia 37 ya waliohitimu shahada za kompyuta walikuwa wanawake. Baada ya hapo wakapungua, mpaka wakashuka chini ya asilimia 20.

Nini kilitokea? Kompyuta iliingia nyumbani, ikatangazwa kama mchezo wa wavulana. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, na mwaka 2002 wakatoa kitabu. Wakakuta kwamba katika nyumba nyingi kompyuta iliwekwa chumbani kwa mtoto wa kiume. Dada yake alipotaka kuigusa, alikwenda kwa kaka kama mgeni. Walipofika chuoni, mvulana alikuwa na miaka mingi ya kuchezea, na msichana alijiona mjinga, wakati kilichomkosa ni chumba tu.

Dada zetu, hebu tujiulize kwa uaminifu. Kwetu ikoje? Ikipatikana kompyuta mpakato moja nyumbani, anapewa nani? Kaka anasema anasoma, basi anaachiwa. Dada anasoma vilevile, lakini kwanza aoshe vyombo, amlaze mdogo wake, aandae futari, na akimaliza chaji imekwisha. Hakuna aliyemkataza, ila nafasi haikuwekwa.

Na msituambie kuwa haya hayawahusu mabibi harusi. Angalieni kazi yetu sisi. Zamani darizi ilikuwa ya mkono. Itazameni kofia ya kiua ya Unguja: matundu madogo yanazungushiwa uzi moja baada ya jingine, upande huu ulingane na ule, na ukikosea hesabu mahali pamoja ua zima halifungi. Mwanamke aliyeketi barazani na kofia mapajani alikuwa anafuata amri, anarudia, anahesabu, anafumua kosa na kuanza tena. Hiyo ni kazi ile ile ya mtoto wa Commodore. Tofauti ni kwamba yeye hakuitwa mtaalamu.

Leo darizi nyingi za nguo za harusi zinapigwa na mashine za kompyuta. Sindano inakwenda yenyewe, lakini haiendi bila maagizo. Kuna faili inayoiambia: nenda hapa, rudi pale, badilisha uzi, kata. Sisi wa Kizota tunamwona mwanamke amesimama mbele ya mashine, anabadilisha nyuzi na kufuta vumbi, huku ua lenyewe limechorwa na mtu aliye mbali asiyejua hata kiua ni nini. Bi harusi akitaka ua la kanga ya bibi yake lipigwe kwenye ushungi, tunatafuta mtu wa kutuandikia faili, tunamlipa, tunamngoja. Anayeandika ua ndiye mwenye pesa. Anayebonyeza kitufe ni kibarua. Tukiendelea hivi, mikono iliyotunga kofia ya kiua itabaki kununua maua yake yenyewe.

Wala hili halihitaji mwujiza. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wally Feurzeig na mwanamama Cynthia Solomon walitunga lugha ya watoto iitwayo Logo. Unamwamuru kobe aende mbele, ageuke, arudie, naye anachora njia anayopita. Lugha hiyo ikaingia kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Leo iko programu ya bure iitwayo TurtleStitch, yenye kobe wa namna hiyo hiyo, ila njia yake inageuka mshono ambao mashine ya darizi inausoma. Kwa watoto kuna Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, nayo ni bure, na imo na Kiswahili ndani yake. Msichana wa darasa la tano anaiweza. Jijini Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013 kuwafundisha wasichana kuandika programu. Na hapa Dodoma chuo kikuu chetu kina ndaki nzima ya mambo haya. Mlango upo. Kilichobaki ni nani atamsukuma binti yake aingie.

Tunajua yatakayosemwa. Litakuja la kwanza: mtandaoni kuna fitina. Kweli, na mzazi lazima awe macho. Lakini kumbukeni, zile kompyuta za mwaka 1982 zilikaa majumbani bila intaneti kabisa. Kuandika programu hakuhitaji mtandao kila saa. Scratch ukishaiweka kwenye mashine inafanya kazi bila bando. Tena kama tunaiogopa fitina, ya kuogopwa ni simu iliyo mikononi mwa binti usiku kucha, si kioo kitupu kinachomtaka afikiri.

Litakuja la pili: pesa hakuna. Sisi ndio tunaoshona, kwa hiyo tunazijua gharama. Yako magauni tunayoyashona yavaliwe usiku mmoja wa kupambwa, ambayo thamani yake inanunua kompyuta mpakato iliyotumika na chenji inabaki. Hatusemi msipambwe. Pambwe, na mje kwetu mshone! Tunasema mkipanga vitu vya begi, mkitoa sanduku la tatu la viatu ibaki nafasi ya mashine moja.

Litakuja la tatu, na hili ndilo linasemwa kwa sauti ndogo: mwanamke wa nyumbani atafanya nini nayo? Dini yetu haikumtafutia mwanamke udhuru wa kutojua. Wahyi wa kwanza ulikuja na amri ya kusoma na ukaitaja kalamu. Bibi Khadija, Allah amridhie, aliendesha biashara iliyokwenda safari za mbali naye akiwa Makka. Anayehifadhi stara yake nyumbani ndiye hasa anayefaa kazi ambayo haimlazimishi kutoka.

Basi tunawaomba mambo matatu mepesi. Bi harusi, kabla ya akdi, zungumza na mchumba wako kuhusu kompyuta kama mnavyozungumza habari ya jiko na makazi: itakaa sebuleni, mahali pa wote, si chumbani kwa mtu mmoja. Mama, ukiwa na mtoto wa kiume na wa kike, wapangie zamu sawa, na zamu ya binti isikatwe na vyombo. Nanyi makungwi na masomo, mnapomkalisha mwari kumfunza kutunza nyumba, mwambieni kuwa siku hizi nyumba ina kitu kingine cha kutunzwa, na akili yake mwenyewe ni ya kwanza katika hivyo.

Wenzetu wanazililia kompyuta zao kwa sababu wanajua zilikuwa zinawangoja wao waseme. Watoto wetu wa kike hawajawahi kungojewa na mashine yoyote. Tuwawekee moja, tuwape kiti na saa moja kila siku, tuone watatunga ua gani.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na rehema, na nyumba ambazo binti na mwana wote wana mahali pa kukaa. Aamin.