Kabla ya Mechi ya Kwanza ya Rice: Nani Mwenye Mamlaka ya Kusimamisha Mazoezi?

Kila ifikapo Julai na Agosti, kurasa za michezo za magazeti ya Marekani hujaa makala za kutabiri msimu mpya wa futiboli ya vyuo vikuu. Huu si mpira tunaoucheza sisi, bali ule wa kofia ngumu na vikinga vya mabega, ambamo wachezaji 11 kwa kila upande hugombania yadi moja moja. Waandishi hujadili nani atakuwa mrusha mpira, safu ya mbele ina uzito gani, ratiba ni nyepesi au nzito, na timu itashinda mechi ngapi kati ya 12. Makala haya yanafanya kazi hiyohiyo kwa timu moja, ya Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Texas, lakini kwa jicho la kliniki. Msomaji anayejiuliza jarida la afya lina shughuli gani na mchezo huo hatasubiri sana: tukio zito kuliko yote katika historia ya mazoezi ya Rice lilihusu kinasaba ambacho watu wetu wengi wanacho bila kujijua.

Tuanze na michezo. Rice ni miongoni mwa vyuo vidogo kabisa vinavyocheza daraja la juu. Wachezaji wake huitwa Bundi, jina ambalo huku kwetu lisingepata mashabiki wengi. Uwanja wao ndio ambao Rais John F. Kennedy alihutubia mwaka 1962 kuhusu safari ya mwezini, akauliza kwa utani kwa nini Rice hucheza dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, yaani kwa nini mdogo hujipima na jitu. Tangu 2023 timu imo katika kundi la vyuo liitwalo American. Ubingwa wake wa mwisho wa kundi ulikuwa wa 2013, ilipokuwa katika kundi jingine. Mwishoni mwa 2024 iliajiriwa huduma ya kocha Scott Abell, kutoka chuo kidogo cha Davidson, anayesifika kwa mfumo wa kukimbia na mpira zaidi ya kuurusha. Mfumo wa namna hiyo huisaidia timu isiyo na majitu, kwa sababu humchosha mpinzani na kuubana muda. Kwa maoni yangu, Rice ikishinda nusu ya mechi zake itakuwa imefanya vyema. Wanaotabiri zaidi ya hapo wana haki yao.

Lakini jedwali la ushindi halisemi kila kitu, na msimu wa 2006 unathibitisha hilo kuliko mwingine wowote. Vitabu vya kumbukumbu vinauonyesha kama msimu wa furaha: Rice ilishinda mechi 7, ikapoteza 6, na ikaingia katika mechi ya heshima ya mwisho wa msimu kwa mara ya kwanza tangu 1961. Ndani ya msimu huohuo, Jumapili ya tarehe 24 Septemba, mchezaji wa mwaka wa kwanza aitwaye Dale Lloyd II, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa katika mazoezi ya timu. Waliagizwa kukimbia mbio 16 za yadi 100 kila moja. Akaanguka. Kesho yake akafariki. Chuo cha Rice kimetenganishwa kwa barabara tu na Texas Medical Center, eneo lenye mkusanyiko mkubwa wa hospitali kuliko lolote duniani.

Lloyd alikuwa na kinasaba kimoja cha selimundu. Hakuwa mgonjwa wa selimundu, na tofauti hiyo ni ya lazima kueleweka. Mgonjwa amerithi kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama. Mbeba amerithi kimoja tu, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila dalili yoyote. Anacheza, analima, anabeba mizigo, anazeeka. Hali hubadilika tu pale mwili unaposukumwa hadi mwisho wa uwezo wake na kuendelea kusukumwa. Oksijeni katika misuli hupungua, asidi huongezeka, joto hupanda, na chembe nyekundu hupoteza maji. Katika mazingira hayo, chembe za mbeba nazo zinaweza kujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na misuli ikaanza kufa. Misuli inayokufa humwaga potasiamu na protini zake katika damu. Potasiamu huvuruga mapigo ya moyo, na protini huharibu figo. Wataalamu huita kuvunjika huko kwa misuli rabdomaiolisisi.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi dalili zinavyoonekana kwa mtu aliyeshika kipenga. Mwenye mkakamao wa kawaida hupiga kelele kwa maumivu, na ukimshika mguu unakuta msuli umekaza kama jiwe. Mbeba ambaye chembe zake zimeanza kujikunja huwa na udhaifu zaidi ya maumivu. Miguu inamlegea, msuli ukiushika ni laini, anaongea vizuri, na joto lake huenda lisiwe juu sana. Tena hutokea mapema, pengine dakika chache tu tangu mbio zianze, wakati wenzake bado wana nguvu. Kwa kocha anayetaka kupima moyo wa vijana wake, picha hiyo ina jina moja: uvivu. Humfokea kijana amalizie mbio mbili zilizobaki, na kijana, kwa kuwa anataka nafasi katika kikosi, hujaribu kuzimaliza.

Familia ya Lloyd ilikwenda mahakamani, na mwaka 2009 yakafikiwa maafikiano. Mwaka uliofuata NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, ikaamua kwamba kila mchezaji wa daraja la kwanza apimwe kinasaba cha selimundu, aonyeshe majibu ya kipimo cha zamani, au asaini kwamba anakataa. Si wataalamu wote walioipokea sheria hiyo kwa shangwe. Mwaka 2012 Jumuiya ya Marekani ya Magonjwa ya Damu ilitoa msimamo wa kupinga upimaji wa lazima kama sharti la kushiriki michezo. Ilihofia kwamba vijana weusi wangebaguliwa, na ikashauri kuwa tahadhari zilezile zitumike kwa kila mchezaji bila kuangalia damu yake. Utafiti mkubwa wa wanajeshi weusi wa Marekani wapatao 48,000, uliochapishwa mwaka 2016, uliipa hoja hiyo uzito. Katika jeshi lililokwisha kuweka tahadhari kwa wote, wabeba hawakufa zaidi ya wenzao, ingawa hatari yao ya kuvunjika misuli ilikuwa juu kwa asilimia 54.

Mimi nasimama kati ya pande hizo, lakini karibu zaidi na jumuiya ile. Kipimo kina faida, kwa kuwa kijana ana haki ya kujua alicho nacho. Hata hivyo majibu ya kipimo hayakimbii uwanjani. Hayanyanyui mkono kusema basi.

Ushahidi wa hilo uko California. Ted Agu alikuwa mchezaji wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi wa afya ya jamii aliyekusudia kuwa daktari. Alipimwa, na timu ilijua kwamba ni mbeba. Asubuhi ya tarehe 7 Februari 2014, akiwa na miaka 21, alikuwa na wenzake katika zoezi la kukimbia kupanda na kushuka kilima huku wameshika kamba moja. Alianguka na kufariki. Mwanzoni kifo chake kiliandikwa kuwa cha ugonjwa wa misuli ya moyo. Baadaye sababu ikabadilishwa na kutajwa kujikunja kwa chembe kutokana na zoezi. Chuo kilikiri uzembe, na mwaka 2016 kikakubali kuilipa familia dola milioni 4.75. Iliyokosekana Houston mwaka 2006 ilikuwa taarifa. Huko Berkeley taarifa ilikuwepo, ndani ya jalada, miaka minane baadaye.

Angalia pia mwezi wenyewe. Februari si msimu wa mechi, na Berkeley si mahali pa joto kali. Watabiri wa futiboli huhesabu msimu kuanzia mechi ya kwanza, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa daktari msimu huanza Januari, wakati wachezaji wanaporudi kutoka likizo wakiwa wamepungua siha na makocha wa viungo wanapotaka kuwakomaza kwa pigo moja. Mwezi Januari 2011, wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali kwa kuvunjika misuli baada ya mazoezi ya aina hiyo. Hata majeraha ya kichwa yana kalenda yake. Utafiti wa vyuo sita uliofanyika kati ya 2015 na 2019 uliona kwamba karibu nusu ya mitikisiko ya ubongo ilitokea katika maandalizi ya kabla ya msimu, kipindi ambacho ni kama moja ya tano tu ya muda wote wa futiboli. Baada ya hapo NCAA ikaongeza siku za kuzoea joto na vifaa kutoka 5 hadi 7, na ikapunguza mazoezi ya kugongana.

Kuhusu mamlaka, vyuo vya makundi makubwa matano vilikubaliana mwaka 2016 kwamba uamuzi wa daktari na wahudumu wa tiba wa timu kuhusu afya ya mchezaji usipingwe na kocha. Maneno mazuri. Miaka miwili baadaye Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland, ambacho ni mwanachama wa moja ya makundi hayo, alizidiwa na joto mazoezini tarehe 29 Mei 2018. Hakupimwa joto la ndani ya mwili wala hakuzamishwa katika maji baridi, na zaidi ya saa moja na nusu ilipita tangu aanze kuonyesha dalili hadi gari la wagonjwa lilipoondoka naye chuoni. Alifariki tarehe 13 Juni, akiwa na miaka 19. Pipa la maji na barafu lilikuwa ndilo tiba. Katika mbio za barabarani za Falmouth, Massachusetts, wakimbiaji 274 walitibiwa kwa kuzamishwa majini katika kipindi cha miaka 18, na wote waliishi.

Kwa hiyo mtabiri wa msimu ujao wa Rice angeniridhisha kama angeongeza aya moja baada ya kumsifu mrusha mpira. Aulize: nani anaandika programu ya mbio za Januari, na je, daktari wa timu huiona kabla haijaanza? Mapumziko kati ya mbio moja na nyingine ni dakika ngapi? Je, mchezaji akisema miguu imelegea, anaruhusiwa kukaa bila kuadhibiwa na bila kupoteza namba? Nani amebeba oksijeni? Mfumo wa Abell ni wa kukimbia, na wachezaji wanaokimbia sana hufanyishwa mazoezi ya kukimbia sana. Houston ya Agosti ina joto la nyuzi 35 na unyevu ambao mkazi wa Dar es Salaam angeutambua mara moja.

Sasa tuvuke bahari. Marekani, mbeba ni takriban mmoja kati ya Wamarekani weusi 13. Katika Kanda ya Ziwa, hapa Tanzania, ni karibu mtu mmoja kati ya watano, na inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa kila mwaka nchini wakiwa na ugonjwa wenyewe. Kila timu ya UMISSETA na kila kundi la wahitimu wa kidato cha sita wanaoripoti kambi za JKT lina wabeba ndani yake, na wengi hawajawahi kupimwa. Sisemi wazuiwe. Mzazi anayemkataza mwanawe kucheza kwa sababu ni mbeba anamnyima afya kwa hofu isiyo na msingi, na mhudumu wa kliniki anayemchanganya mbeba na mgonjwa anaichochea hofu hiyo.

Mwalimu wa michezo anayesoma jarida hili anahitaji mambo machache. Aanze taratibu baada ya likizo, aache nafasi ya kupumua kati ya mbio, aweke maji karibu, na asimkimbize mtu mwenye homa. Kijana akilegea ghafla bila msuli kukaza, asiambiwe ajikaze. Alazwe, apewe oksijeni kama ipo, apoozwe kama ana joto, na apelekwe hospitali mara moja. Anayemsindikiza amwambie mpokeaji wagonjwa kwamba huyu alikuwa akikimbia na huenda ni mbeba wa selimundu, ili potasiamu na figo ziangaliwe tangu saa ya kwanza na sababu ya kuanguka isije ikaandikwa malaria. Nawe msomaji ambaye ndugu yako mmoja ana ugonjwa wa selimundu, jua kwamba una uwezekano mkubwa wa kuwa mbeba. Omba kipimo cha himoglobini utakapokwenda kliniki kwa shida nyingine yoyote, na majibu yake uyaweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.